Mpira Uliozama Kwenye Mtindi

Mji wetu wa Vanderkill ulikuwa na vitu viwili vya kujivunia: majiko ya chuma, na jinsi ulivyojiona. Majiko yalipakiwa kwenye mashua za mferejini yakapelekwa hadi miji mikubwa ya pwani. Majivuno hayakuwa na mnunuzi, yakabaki nyumbani na kurundikana, hadi mwaka ule tulipoingizwa kwenye Ligi ya besiboli ya kulipwa. Hapo tukaamini kwamba dunia imefungua macho hatimaye.

Kwa kweli Ligi ilikuwa na upungufu tu. Timu za siku zile zilizaliwa na kufa kama vifaranga vya msimu wa baridi. Leo timu ina wachezaji tisa na bendi ya matarumbeta. Kesho mweka hazina wake ameonekana kwenye garimoshi la kwenda magharibi, amekumbatia mkoba. Timu mbili zilikuwa zimekufa hivyo kabla ya theluji kuyeyuka, na Ligi, ikiwa na nafasi tupu na haya kidogo, ikabisha hodi kwetu. Sisi tulilieleza jambo hilo kama ushindi wa ustaarabu.

Timu zote zilijiita kwa rangi ya soksi zake, kana kwamba akili ya mchezo ilikaa miguuni. Kulikuwa na soksi nyekundu, nyeupe, buluu, hata za kahawia. Tulipofika sisi, rangi zote za maana zilikuwa zimechukuliwa, tukapata kijani. Rangi yenyewe ilitoka kila mvua iliponyesha, na baada ya mechi ya mvua vijana wetu walirudi mjini kama watu waliotoka kukanyaga kabichi. Tukawashangilia hivyohivyo.

Lakini mtu ninayetaka kumweleza hakuwahi kuvaa soksi za kijani wala kushika gongo la kupigia mpira. Alikuwa muuza maziwa, jina lake Barent Tenbrook.

Barent alizaliwa kwenye shamba la baba yake, juu ya kijito. Alikuwa kitinda mimba. Kaka zake waligawana ardhi, wakagawana nyumba, kisha wakamgawia yeye ng'ombe ambao hawakuwataka na farasi mzee aitwaye Shemasi, aliyepewa jina hilo kwa sababu alipenda kusimama njiani na kufumba macho. Kila alfajiri Barent alipanga madebe yake garini akateremka mjini, akisimama mlango kwa mlango na kuchota maziwa kwa kata. Kazi hiyo aliifanya maisha yake yote. Kama historia ya mtu ingepimwa kwa mambo aliyotaka yamtokee, yake ingeishia hapa.

Siku zile kununua maziwa kulikuwa tendo la imani. Mshindani wake, Kobus Vrooman, aliuza maziwa yenye rangi ya anga la asubuhi, na watu walisema ng'ombe wa Kobus wanalala kisimani. Hakuna aliyemchukia kwa hilo. Kila mtu mjini alitia maji kwenye kitu fulani: mwenye baa kwenye pombe, mhariri kwenye habari, mchungaji kwenye amri za Mungu pale zilipowagusa wenye kiwanda.

Ndipo usiku mmoja mvua ilinyesha, na Barent alikuwa amesahau kifuniko cha debe moja. Asubuhi akapita nyumba kwa nyumba, na kabla ya kuchota akamwambia kila mama, "Leo yana mvua, bibi." Alisema hivyo kama mtu anayesema leo ni Jumanne. Nusu ya wanawake walikataa maziwa, na nusu nyingine walishangaa hata wakasahau kukataa. Kufikia mwisho wa juma habari ilikuwa imezunguka mji mzima, na mwezi huo Kobus alipoteza mtaa wa juu wote.

Watu waliuita ukweli wake uadilifu. Mkewe Hester, aliyemjua zaidi, aliuita ulemavu. Barent alikuwa hawezi kusema uongo kwa sababu masikio yake yalimsaliti. Alipokwenda kumchumbia, alimwambia hamwogopi mbwa wa baba yake, na masikio yakaiva kama viazi vyekundu vya saladi. Hester alimkubali papo hapo. Alisema mume asiyejua kudanganya hana gharama ya kulindwa.

Sasa nieleze jinsi muuza maziwa alivyoingia kwenye besiboli.

Mwamuzi wa mechi alikuwa mmoja tu. Alisimama kando ya mpigaji, amevaa kofia ndefu, na hakuwa na macho ya kisogoni wala mabawa. Kwa hiyo kanuni ilimruhusu, jambo likitokea asikoona, asimamishe mchezo na kumwuliza muungwana yeyote miongoni mwa watazamaji aliona nini, kisha aamue kwa neno lake. Msicheke. Kanuni hiyo iliandikwa na watu wazima, wenye ndevu, walioamini kwamba mji uliolipa kiingilio ili uione timu yake ikishinda utatoa shahidi asiye na upande. Katika mji mmoja shahidi wa kila mara alikuwa jaji mstaafu, aliyeona kila jambo lililoifaa timu yake, hata siku aliyosahau miwani nyumbani.

Sisi Vanderkill tulimtoa Barent. Nani angebisha? Hata timu za wageni zilikuwa zimesikia habari za maziwa yenye mvua. Msimu ule aliulizwa mara kadhaa, na kwa bahati tupu ukweli uliangukia upande wetu. Mara moja tu ulituangukia kichwani, lakini siku hiyo tulikuwa tunapigwa vibaya sana, kwa hiyo haukubadilisha kitu, na watu walisimama wakampigia makofi. Ukweli usio na gharama hupendwa na kila mtu. Mhariri wetu akaandika kwamba ukweli ni mwenyeji wa Vanderkill, na wasomaji walilichukulia jambo hilo kama hati ya kumiliki.

Klabu ikampa Barent kiti cha heshima. Kiliwekwa ukingoni mwa uwanja, upande wa kushoto, nyuma ya kamba iliyowazuia watazamaji, kwa kuwa huko ardhi ilishuka kuelekea kijitoni na mwamuzi alikuwa haoni kitu. Aliruhusiwa kuuza mtindi palepale. Mbele ya kamba kulikuwa na ukanda wa majani marefu. Klabu ilisema haina mtu wa kuyafyeka, ingawa mwenyekiti wake, Bwana Gideon Van Orden, mwenye kiwanda cha majiko, alikuwa na wafanyakazi wengi kuliko askari wa jenerali.

Majani yale yalikuwa na kazi yake. Ndani yake mlikuwa na mpira wa pili, uliofichwa ili mchezaji wetu akizidiwa apate msaada. Na kwa sababu mechi nzima ilichezwa kwa mpira mmoja, ambao kufikia mwisho ulikuwa mweusi na laini kama kiazi kilichochemshwa, ule wa akiba ulipakwa tope, ukalowekwa kwenye mate ya tumbaku na kugongwagongwa kwa nyundo. Klabu ilitumia maarifa mengi zaidi kuuchafua mpira huo kuliko kuwafundisha vijana kuudaka.

Hivyo akili iliyoficha mpira majanini ndiyo hiyohiyo iliyomkalisha mtu mkweli kuliko wote hatua chache kutoka kwenye majani hayo. Hakuna aliyeona tatizo. Kiti kilitolewa na kamati ya heshima, mpira ulifichwa na kamati ya ushindi, na kamati hizo mbili, ingawa zilikuwa na wajumbe walewale, hazikuwahi kukutana.

Vuli ilipofika, Ligi ilitangaza kwamba timu itakayomaliza mkiani itapewa asante na kwaheri. Mkiani tulikuwa wawili, sisi na Osgood, tumefungana. Mechi ya mwisho ilikuwa kati yetu, kwenye uwanja wetu. Atakayeshinda angebaki kwenye Ligi pamoja na miji mikubwa, na atakayeshindwa angerudi kuwa mji wa majiko tu.

Alasiri ya siku iliyotangulia, Bwana Van Orden alionekana akiingia kwenye banda la ng'ombe la Barent. Hakuwahi kufika huko tangu azaliwe, na viatu vyake vilionyesha hivyo. Bweni la wafanyakazi wake lilinunua karibu nusu ya maziwa ya Barent, jambo ambalo hakulitaja mara moja. Kwanza alisifu hali ya hewa. Kisha alimsifu ng'ombe mmoja, akimpapasa upande usiofaa.

"Barent," alisema, "kesho mwamuzi ni Whitbeck, yule mwalimu wa Coldbrook. Macho yake unayajua."

"Nayajua, bwana. Juzi alinivulia kofia akidhani mimi ni mke wa daktari."

"Basi huenda akakuuliza jambo."

"Akiniuliza nitamjibu."

"Utamjibu nini?"

"Nitakachokuwa nimeona."

"Ndicho tunachokupendea," alisema Bwana Van Orden, akatabasamu kama mtu anayeuma limau. "Ila nakwambia kama rafiki. Mtu mwenye ng'ombe kumi na wawili na mteja mmoja mkubwa hujifunza kuona mbali. Haoni lililo mbele ya pua tu."

Barent alifikiri kidogo, kisha akamsahihisha kwamba ng'ombe ni kumi na mmoja, mmoja alikufa Julai. Bwana Van Orden alimtazama kwa muda, akashindwa kujua kama amedharauliwa, akaondoka akichagua pa kukanyaga.

Hester alikuwa upande wa pili wa ukuta, kwenye mashine ya siagi, na alikuwa ameacha kusukasuka tangu neno la kwanza. Alitaka kujua yule mtu alifuata nini. Barent alisema ameambiwa aone vizuri.

"Na wewe ukasemaje?"

"Mimi kuona ninakokujua ni kwa namna moja."

Hester alivuta pumzi. Alijua hesabu ya maziwa kuliko mumewe, na alijua bweni likiondoka banda litapungua. Alimshauri asiende. Aseme mgongo unauma, alale, mwamuzi amtafute jaji mstaafu wa kuazima.

"Haya, jaribu," alimwambia. "Niambie mgongo unakuuma."

"Mgongo unaniuma," alisema Barent.

Masikio yalianza kwenye ncha, yakaiva hadi shingoni. Hester akarudi kwenye mashine yake ya siagi. "Nenda tu, mume wangu," alisema. "Na kofia uvae ile kubwa."

Siku ya mechi mji mzima ulifungwa. Bendi ilipiga nyimbo zake tatu, kisha ikazipiga tena. Watu wa Osgood walikuja kwa garimoshi na vikapu vya chakula, wakitukejeli kwamba hawakutaka kula Vanderkill kwa sababu chakula chetu kina ladha ya chuma. Sisi tuliwajibu kwamba kwao hata chuma hakuna.

Nahodha wetu alikuwa Dinny Lanahan, mlinzi wa upande wa kushoto, kijana wa tanuru la Bwana Van Orden ambaye Ligi ilikuwa imemtoa kwenye moshi. Walipiga sarafu, Dinny akashinda, akachagua timu yetu ianze kupiga. Kila nahodha angefanya hivyo, maana mpira mpya ni mgumu na huruka mbali, na huo mmoja ndio utakaotumika hadi mwisho. Lakini ilimaanisha kwamba neno la mwisho lingebaki kwa wapigaji wa Osgood.

Tulianza vizuri, tukaendelea kwa wastani, tukamaliza kwa sala. Osgood walipoingia kwa zamu yao ya mwisho tulikuwa mbele kwa pointi moja. Wawili wao walikuwa wameshatolewa, wengine wawili wamesimama kwenye vituo wakisubiri kukimbia. Akitolewa mmoja zaidi, kwa mpira wake kudakwa kabla haujagusa chini, tumeshinda. Mpira ukianguka chini upande wa mbali, wale wawili watafika kituo cha nyumbani, kila mmoja na pointi yake, na mambo yamekwisha. Aliyekuja kupiga alikuwa mchinja nyama, mkubwa kiasi kwamba gongo lilionekana mkononi mwake kama mwiko.

Alipiga. Mpira haukwenda juu sana. Ulikuja kushoto, mzito na mweusi, na Whitbeck mwalimu akaanza kuufuata mbio, akipoteza kwanza kofia, kisha mwelekeo. Dinny alirudi nyuma, nyuma zaidi, akajirusha ndani ya majani marefu na kupotea kabisa.

Mpira haukumfuata. Uligonga ardhi mara moja kwenye mteremko, ukaruka juu ya majani, ukavuka kamba, na kwa wakati uleule Barent alikuwa amefunua debe ili amchotee mtindi mke wa mweka hazina wa klabu. Ukaingia ndani kwa kishindo cha kitu kilichofika nyumbani.

Mtindi ulimrukia yule mama usoni na kwenye glavu. Alitazama debe. Alitazama mbingu. Kisha akatoa leso na kujifuta kwa utulivu wa mtu aliyenyunyiziwa na ndege. Wote waliosimama kwenye kamba ile waliuona mpira ukizama, na wote kwa pamoja wakavutiwa na mawingu. Mhariri alikuwepo, na mchungaji alikuwepo pia. Sijawahi kusikia mawingu mengine yaliyotazamwa na watu wengi hivyo.

Hapo Dinny akaibuka majanini, goti limechafuka, mkono wake mtupu usio na kinga umeinuliwa, na ndani yake mpira. Bendi ikalipuka. Kofia ziliruka. Mzee mmoja wa kiwandani alimkumbatia mpinzani wake wa miaka mingi, na walipogundua ni nani waliyemkumbatia walikuwa wamechelewa.

Nahodha wa Osgood akaja akikimbia, akisema mpira uligusa chini, ameona vumbi. Whitbeck alisema yeye hakuona vumbi wala mpira, aliona majani. Akaomba kimya. Kisha akasema neno ambalo mji ulikuwa unalingoja, kwamba atamwuliza Bwana Barent Tenbrook.

Watu walishangilia kabla hajajibu. Nahodha wa Osgood akakubali, akasema hata kwao watu wanajua maziwa ya huyo bwana, na alichosema yeye atakipokea. Tukaona ameingia mtegoni mwenyewe. Debe tupu haliachi kuvuma, na siku ile tulivuma sana, ingawa debe lenyewe halikuwa tupu.

Whitbeck akafika kwenye kamba. Dinny alikuwa amemtangulia, na aliposimama karibu na kiti alinena chinichini, macho yakiwa kwenye viatu vyake.

"Mzee Barent, nina watoto wanne. Tanuru linanisubiri."

Barent alimsikia. Alimjua, na aliwajua watoto. Kila asubuhi aliwachotea maziwa. Juu, kwenye jukwaa la wakubwa, Bwana Van Orden alikuwa amesimama, mikono nyuma, anaona mbali.

"Bwana Tenbrook," Whitbeck aliuliza, "uliuona mpira?"

"Niliuona."

"Nahodha Lanahan aliudaka kabla haujagusa chini?"

Baadaye Hester alimwuliza alifikiri nini wakati ule, na jibu lake linasikitisha mtu anayetaka mashujaa. Hakufikiri habari ya Ligi. Bweni lilimpitia kichwani likatoka. Habari ya Dinny ilimwuma, akakiri, kuliko nyingine zote. Lakini kilichomzuia kabisa kilikuwa yule mama, mke wa mweka hazina, aliyekuwa bado amenyoosha kikombe. Akisema ndiyo, atalazimika kumjazia. Na tangu aanze kazi hakuwahi kumpa mtu kikombe chenye kitu ambacho hakukitaja.

Kwa hiyo alikunja mkono wa shati hadi juu ya kiwiko. Akaingiza mkono ndani ya debe, akapapasa kama mtu anayetafuta sarafu kisimani, akautoa mpira mweusi unaodondosha mtindi, akauweka kwenye kiganja cha mwamuzi.

"Ninaoujua mimi ni huu," alisema. "Wa Dinny sijui umetoka wapi." Kisha akamgeukia yule mama. "Samahani, bibi. Leo una mpira."

Whitbeck aliisogeza mipira yote miwili karibu kabisa na pua, maana ndivyo alivyoona. Hata kwake haikuhitaji elimu. Wakimbiaji wa Osgood walikuwa wameshafika nyumbani zamani, mmoja ameketi chini anafunga kamba za viatu. Osgood walishinda kwa pointi moja. Kwa desturi, mshindi alichukua mpira wa mechi, akaupaka rangi ya dhahabu na kuuweka kabatini. Tulisikia baadaye kwamba rangi ilikataa kushika, na kabati lao lilinuka hadi Krismasi. Hiyo ndiyo faraja pekee tuliyopata.

Kurudi nyumbani Barent aliongoza gari peke yake, na Shemasi, kwa mara ya kwanza maishani, hakusimama njiani.

Mji ulimtendea Barent kama mji wa wacha Mungu unavyomtendea mtu aliyesema kweli. Bweni la kiwanda lilibadili muuza maziwa Jumatatu. Mtaa wa juu ulifuata. Mhariri alieleza kwa makala ndefu tofauti kati ya ukweli na utovu wa busara, na mchungaji alihubiri juu ya kiasi katika mambo yote. Majira yale ya baridi Vanderkill ilikunywa maziwa ya Kobus Vrooman kwa uzalendo. Chai ilifika mezani ikiwa na rangi ya chai, kwa sababu hapakuwa na kitu cha kuibadilisha, na akina mama waliwaambia watoto wao kwamba ndivyo chai inavyonywewa katika miji mikubwa.

Barent akauza ng'ombe watano. Maziwa yaliyobaki bila mnunuzi Hester aliyageuza kuwa jibini, na kwa kuwa hakuna wa Vanderkill aliyelinunua, alilipeleka kwa garimoshi hadi Osgood, ambako watu waliligombania kama dawa. Walimwuliza kila mara kama lina mpira ndani. Hester alisema halina, na wakaamini, kwa sababu ya mumewe.

Mteja mmoja tu wa zamani hakuhama. Alikuwa Dinny Lanahan, aliyerudi kwenye tanuru na kukohoa moshi. Asubuhi moja Barent alimwuliza kwa nini haendi kwa Kobus kama wengine.

"Mimi niliongopa nikashindwa, wewe ulisema kweli ukashindwa," Dinny alijibu, akikinga jagi. "Tumetoka sare, mzee. Lakini maziwa yako ni mazito."

Mwaka uliofuata Ligi iliifuta ile kanuni ya kuuliza watazamaji. Na mwaka huohuo, kabla ya Agosti, mweka hazina wa Osgood alionekana kwenye garimoshi la kwenda magharibi, amekumbatia mkoba. Timu ikafa. Ile nafasi ambayo Barent alituvunjia mioyo kwa ajili yake haikuishi hata msimu mmoja. Mtu angedhani habari hiyo ingemrudishia heshima yake. Badala yake tulisema kwamba sisi tungeitunza vizuri zaidi.

Wateja walirudi, lakini kwa mlango wa jikoni. Mlangoni pa mbele waliendelea kumlaumu. Nyuma, msaidizi wa nyumbani alitoka na jagi. Baadaye waliacha kumlaumu hata mbele, kwa kuwa walichoka, na kwa kuwa watoto waliokunywa maziwa ya Kobus walikuwa wameanza kukonda.

Kisha ukaja wakati wa tatu, ambao Barent alisema ulikuwa mbaya kuliko yote. Besiboli ilikua, timu za mwanzo zikawa hadithi, na watu wa magazeti wakaanza kuzunguka kutafuta jinsi mambo yalivyoanza. Vanderkill ilihitaji kuwa na jambo la kusema. Ule mpira wa Dinny, uliobaki kwetu kwa sababu Osgood hawakuwa na haja nao, ulitolewa stoo, ukapakwa dhahabu iliyoshika vizuri sana, ukawekwa dirishani mwa ukumbi wa mji. Chini yake kiliandikwa kibao: *Mpira wa Ukweli*.

Siku ya sherehe za Julai Bwana Van Orden, sasa mzee wa mkongojo, alisimama mbele ya mgeni kutoka gazeti la mji mkubwa. Alisema kuna miji iliyotaka kushinda kwa njia yoyote. Vanderkill ilikuwa na nafasi yake kwenye Ligi mkononi, na kwa sauti moja iliikataa kuliko kuishikilia kwa uongo. Mhariri alitikisa kichwa kukubali. Mke wa mweka hazina alitumia leso yake, safari hii kwa machozi. Watu wote walikumbuka walikuwepo kwenye kamba.

Barent alikuwa ameketi nyuma kabisa, kofia kubwa kichwani, na Hester kando yake. Bwana Van Orden alimwona, akamwomba asimame.

"Mwambie mgeni wetu, Barent," alisema kwa upendo. "Ulikuwa palepale. Mwambie jinsi tulivyosimama na ukweli siku ile, sote."

Barent alisimama taratibu. Hester, bila kugeuza uso, alimvua kofia, na watu waliokaa karibu waliyatazama masikio yake. Yalikuwa meupe kama maziwa.

"Ni kweli nilikuwepo pale kwenye kamba, bwana," alisema Barent. "Ila sikuwaona mkisimama na huo ukweli."

Wiki ile Kobus Vrooman aliuza maziwa mengi sana.